Maoni Yetu: Fundi, usifute kwanza

Word inafunguka, inaonyesha nembo yake, kisha inatoweka. Mwalimu wa Daa mwenye alama za darasa zima humo ndani anafungasha laptopu, anapanda bodaboda hadi Karatu mjini, na fundi anatoa dawa ile ile ya siku zote: tupige Windows upya. Jioni mashine inarudi safi, na alama hazimo.

Hasara hii haina sababu, nasi tunataka ikome.

Kazi zako hazikai ndani ya Word. Ziko kwenye diski, na wengi wetu huziacha pale pale kwenye uso wa skrini, yaani katika diski C, ambayo ndiyo hufutwa Windows ikipigwa upya. Programu inayojifunga kabla ya kufunguka mara nyingi inaumwa kitu kidogo: kiongezo kilichopachikwa na programu nyingine, kiolezo kilichoharibika umeme ulipokatika ghafla, au hata programu ya printa.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Shikilia kitufe cha Ctrl, fungua Word au Excel, usikiachie mpaka kompyuta iulize kama unataka kuingia katika hali salama. Kubali. Ikifunguka, programu yenyewe ni nzima. Zima viongezo vyote, kisha virudishe kimoja kimoja mpaka umpate mkorofi. Kama hayupo, lipe faili la Normal.dotm, ambalo ndilo kiolezo cha Word, jina jingine. Word itajitengenezea jipya. Ikigoma hata katika hali salama, nenda kwenye orodha ya programu ndani ya mipangilio ya Windows, chagua Office, uiagize ijikarabati. Ukarabati wa haraka hauhitaji intaneti. Ule wa pili hupakua Office upya, kwa hiyo usiuanze na bando la siku moja. Katika yote haya hakuna waraka wako hata mmoja unaoguswa.

Kuna pia Office za kunakiliwa zinazozunguka kwenye flashi. Ili zikubali, kinga ya virusi huzimwa kwanza, halafu tunashangaa mashine ikianza kuyumba. Asiye na uwezo wa kununua aweke LibreOffice: ni bure kihalali, inafungua faili za Word, nayo ina hali salama yake. Wala si ugeni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice ilichipuka mwaka 2010 kutoka mti huo huo wa OpenOffice.

Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri ya Karatu kiandike hatua hizi nusu ukurasa, kwa Kiswahili, zibandikwe kila shule, kila ofisi ya kata na kila steshenari, kuanzia Daa hadi Mang'ola. Mafundi wetu tunawaheshimu, na kupiga Windows kuna siku yake. Siku hiyo ikifika, nakala ya kazi za mteja itangulie. Nawe mwenye laptopu, kabla fundi hajafuta chochote, muulize: faili zangu umezihifadhi wapi? Naomba nizione.