Bunduki ya kwanza isajiliwe kama kiraka

DIRISHA la usajili likifunguliwa, shabiki wa Singida anapiga hesabu kuliko hata mhasibu wa klabu. Timu yenye mkwanja inabeba winga wa kulia, winga wa kushoto na mastraika watatu, halafu wengine wanakula benchi. Timu yenye bajeti ya kuungaunga inatafuta kiraka. Inatafuta mtu wa aina ya Erasto Nyoni, aliyepangwa beki wa kulia, beki wa kushoto, beki wa kati, hata kiungo, na kocha akalala usingizi wake.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotakiwa kwa mtu anayefikiria kununua bunduki yake ya kwanza ya marisau, ile ambayo mtaani inaitwa shotgani. Mkazi wa Manyoni, Itigi au Iramba anayetaka kufuata kanga na kwale msimu wa uwindaji, na anayetamani pia kulenga visahani kama wale jamaa wa Olimpiki, ataambiwa na wajuaji kwamba anahitaji bunduki mbili. Hahitaji. Anahitaji moja, iliyochaguliwa kwa akili.

Kwa wasioufuatilia mchezo wenyewe, kisahani chenye upana wa milimita 110 kinarushwa hewani na mashine, na mpigaji anatakiwa akivunje kabla hakijaanguka. Kinaitwa cha udongo kwa mazoea tu, kwani siku hizi kinatengenezwa kwa lami na unga wa mawe ya chokaa. Kuna trapu, ambapo visahani vinakimbia kumwacha mpigaji, na kuna skiti, ambapo vinakatiza mbele yake kutoka vibanda viwili, kimoja kirefu na kingine kifupi. Raundi moja ni visahani 25. Ukikosa umekosa, hakuna VAR.

Na si mchezo wa mataifa makubwa peke yao. Barcelona 1992, wakati wanawake na wanaume wakishindana pamoja kwenye skiti, Mchina Zhang Shan aliwapita wanaume wote na kubeba dhahabu. Nasser Al-Attiyah wa Qatar, yule bingwa wa mbio za magari za Dakar, ana shaba ya skiti ya London 2012. Paris 2024, Adriana Ruano aliipa Guatemala dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, kwenye trapu, na huyo alikuwa mcheza jimnastiki hadi mgongo ulipomgomea. Tanzania bado inahesabu medali zake mbili za fedha, ya Filbert Bayi na ya Suleiman Nyambui, Moscow 1980. Zote za riadha.

Turudi kwenye usajili. Kitu cha kwanza kukijua ni geji. Ni hesabu ya kizamani: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe katika vigololi 12 vinavyolingana, upana wa kigololi kimoja ndio upana wa mtutu wa geji 12. Kwa hiyo geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12, kinyume na mtu anavyotarajia. Geji 12 ina kama milimita 18 na nusu, geji 20 ina kama 15 na nusu.

Kiraka ni geji 12. Sababu si ubabe, ni mzigo. Kwenye Olimpiki risasi moja hairuhusiwi kubeba marisau ya zaidi ya gramu 24, na geji 12 inaubeba mzigo huo bila kumpiga mtu teke la kumtoa begani. Bunduki hiyohiyo, siku ya kanga, inabeba gramu 32 au zaidi. Watu wanawashauri akina dada na vijana wembamba wachukue geji 20 kwa kuwa ni nyepesi, lakini wanasahau kwamba bunduki nyepesi ndiyo inayopiga teke zaidi. Geji 12 yenye kilo 3 na robo hivi, ikitiwa gramu 24, ni mpole.

Tena kuna jambo la kutisha ambalo kila nyumba yenye geji mbili tofauti inapaswa kulijua. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwa bahati mbaya kwenye mtutu wa geji 12 haianguki nje. Inateleza na kukwama mbele kidogo, mahali ambapo mtu akifungua anaona mtutu kama uko wazi. Akitia risasi ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu unapasuka karibu na mkono wake wa mbele. Ndiyo maana watengenezaji wamezoea kuzipaka risasi za geji 20 rangi ya njano. Mwenye bunduki moja ya geji moja ameshalikwepa balaa hilo kabla hajatoka nyumbani.

Halafu mitutu. Ya mtutu mmoja ni rahisi kwa bei, ila ukikosa kanga wa kwanza, mwenzake ameshafika ng'ambo ya korongo. Ya kujipakia yenyewe inapunguza teke na wengi wanaipenda, lakini ina vyuma vingi vinavyotembea ndani, na vumbi la Singida halina huruma. Asiyependa kusafisha bunduki asiiguse. Ya mitutu miwili iliyolala sambamba ni tamu porini, kwenye visahani inataka mazoezi ya ziada. Inayobaki ni ya mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwingine, na hiyo ndiyo utaiona mikononi mwa wapiga trapu na skiti karibu wote wa Olimpiki. Ina uzuri mmoja ambao haupo kwenye karatasi ya bei: ikivunjwa katikati, kila mtu aliyepo anaona kwa macho kwamba haina kitu. Hakuna cha "niamini mimi". Urefu wa mitutu uwe inchi 28. Inchi 30 ni nzuri kwa visahani lakini kwenye vichaka vya Itigi vilivyosongamana itakuwa inagombana na matawi.

Ukiraka wenyewe sasa umejificha kwenye choki, yaani ule ufinyo wa mdomo wa mtutu unaoamua marisau yatawanyike haraka au yaende yamekusanyika. Kwa umbali wa yadi 40, mtutu usio na ufinyo unaweka kama marisau 40 kati ya 100 ndani ya duara la inchi 30. Choki ya nusu inaweka kama 60. Choki kamili inaweka kama 70. Skiti ya karibu inataka mtawanyiko, kanga anayeruka mbali anataka mkusanyiko. Bunduki za zamani zilikuja na choki isiyobadilika, umezaliwa beki unakufa beki. Za sasa nyingi zina choki za kufungua na kufunga kwa ufunguo mdogo. Hiyo isikosekane.

Wahadzabe wa Munguli, wilayani Mkalama, hawahitaji somo hili. Upinde ni mmoja, mishale ni mbalimbali: wa ncha ya mti kwa ndege na wanyama wadogo, wa chuma chenye sumu kwa mnyama mkubwa. Mwenye bunduki afuate mtindo huo. Abadilishe risasi na choki, bunduki ibaki ileile.

Kinachopuuzwa kuliko vyote ni vipimo vya mwili. Mchezaji hawezi kupewa kiatu namba 44 na mguu wake ni 41, halafu akakosa penalti na kulaumiwa. Bunduki ya marisau hailengwi kama ya risasi moja, kwa kufumba jicho na kutafuta alama. Inanyanyuliwa, shavu linagusa kitako, na macho yote mawili yanabaki kwenye kisahani. Kitako kikiwa kirefu kinakwama kwapani, kikiwa kifupi dole gumba linapiga pua. Kikiwa chini sana kwa uso wako, marisau yanapita chini ya ndege siku zote na utasema risasi ni feki. Njia ya kujipima ni rahisi: fumba macho, nyanyua bunduki tupu hadi begani kama ulivyozoea, fumbua. Ukijikuta unatazama sawasawa juu ya mtutu, hiyo ni yako. Na ujue ni jicho gani linalotawala. Wapo wenye mkono wa kulia na jicho la kushoto, na hao huhangaika miaka bila kujua wanakosea wapi.

Anayenunua iliyotumika aivunje na kumulika ndani ya mitutu, atafute kutu na mabonde. Aifunge na kuitikisa. Ikicheza kwenye bawaba aachane nayo, hata kama muuzaji ni shemeji. Gobore la fundi wa kijijini lisiingie kabisa kwenye mjadala huu. Linapakiwa mdomoni, halijapimwa na mtu, na likiwa halina kibali ni kosa la jinai.

Liko pia suala la ziwa. Marisau ya madini ya risasi yakizama kwenye tope, ndege wa majini huyameza wakidhani ni vijiwe vya kusagia chakula, na wanakufa kwa sumu. Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku kwenye maeneo ya ardhioevu kuanzia Februari 2023. Mkoa wenye Singidani, Kindai, Kitangiri na mbuga ya Wembere hauna sababu ya kusubiri kuambiwa. Anayenunua leo achague bunduki iliyothibitishwa kutumia marisau ya chuma, na akiyatumia asifunge choki kamili.

Hayo yote, hata hivyo, yanakuja baada ya karatasi. Silaha inamilikiwa kwa kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi yanapitia kwenye uongozi wa eneo lako na Jeshi la Polisi. Kibali ni cha mtu, hakiazimwi kama jezi ya mechi ya ndondo. Na kumiliki bunduki hakukupi haki ya kuwinda. Uwindaji una leseni yake chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, na Rungwa, Kizigo na Muhesi ni mapori ya akiba, si shamba la mjomba.

Hapa ndipo wakubwa wa michezo wanapohusika. Mtu akitaka kucheza mpira Singida, Uwanja wa Liti upo na vya vumbi havihesabiki. Akitaka kuvunja visahani, aanzie wapi? Matokeo yake ananunua bunduki kwanza na kujifunza baadaye, peke yake, porini, kinyume kabisa cha utaratibu. Baraza la Michezo la Taifa na ofisi ya michezo ya mkoa wangeweza kukaa na polisi na kutafuta eneo moja lililo wazi, mbali na makazi na malisho, lenye mashine ya kurushia na mkufunzi anayetambulika. Bunduki chache za klabu zifungiwe kwenye ghala lenye ulinzi, kijana apige raundi zake, azirudishe na kwenda nyumbani mikono mitupu. Wengi wangegundua hapo hapo kwamba hawahitaji kuwa na silaha ndani. Waliobaki wangekuwa wameshajua urefu wa kitako chao kabla ya kutoa hata shilingi.