Kalamu Isubiri, Vidole Vifanye Kazi Kwanza



Kila mwanzo wa mwaka wazazi wengi hupeleka watoto wao chekechea, na kabla ya wiki mbili kupita huanza kumwuliza mwalimu: "Mbona mwanangu bado haandiki?" Jioni, nyumbani, mtoto wa miaka mitatu hukalishwa mkekani na kushikishwa kalamu. Akikosea herufi huchapwa vidole. Nasema wazi kwamba jambo hili ni kosa. Mtoto huyo si mvivu wala si mjinga. Mkono wake bado haujawa tayari.

Hebu tuutazame mkono wenyewe. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Mtoto anapozaliwa, mifupa hiyo huwa bado ni gegedu laini. Hugeuka kuwa mifupa kamili mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho huanza kugeuka wakati mtoto amekwisha kuingia shule ya msingi. Misuli midogo ya vidole nayo hupata nguvu kwa kutumika, kidogo kidogo.

Kwa hiyo kila umri una kazi yake. Kufikia mwaka 1, watoto wengi huokota kitu kidogo kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Wakiwa na mwaka 1 na nusu huchora mistari ovyo ovyo. Wakiwa na miaka 3 wengi huweza kuchora duara wakionyeshwa. Wakiwa na miaka 4 hushika kalamu kwa vidole badala ya kuifumbata, na wakiwa na miaka 5 huandika baadhi ya herufi za jina lao. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini mkunjaji asiye na subira humvunja.

Daktari Maria Montessori wa Italia aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1907 alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma. Watoto walijifunza kufunga vifungo, kumimina maji, na kufuatisha kwa vidole herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa. Kalamu ilikuja baadaye. Chekechea nyingi za masista hufuata njia hiyo hadi leo, na wapo wazazi wanaolalamika kwamba wanalipa ada ili mtoto acheze na maji! Kumbe mchezo huo ndio unaoandaa mkono wa kuandika.

Hakuna haja ya kununua vifaa. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 apewe magunzi na kikapu, atie na kutoa. Aachwe ale mwenyewe, hata akijichafua. Wa miaka 2 hadi 3 apewe kipande cha unga wa chapati akande, udongo wa mfinyanzi afinyange, leso aifue na kuikamua, na vikombe viwili amimine maji toka kimoja hadi kingine. Wa miaka 3 hadi 5 aweza kupukuchua mahindi, kuchambua maharage, kumenya yai lililochemshwa, kubana nguo kambani kwa vibanio na kufungua vifungo vya shati lake. Kazi hizi ni za wavulana na wasichana sawasawa, na baba naye akae hapo.

Tahadhari ni lazima. Maharage na shanga huingizwa puani na masikioni, na karanga nzima zaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 5. Mbegu za mbarika zina sumu kali, zisichezewe kamwe. Mtu mzima awepo wakati wote.

Najua baadhi ya shule huwafanyia watoto usaili, na mzazi huogopa mwanawe asije akakosa nafasi. Woga huo naufahamu. Hata hivyo, mtoto aliyechapwa kwa ajili ya kalamu huichukia kalamu, na chuki hiyo haitoki upesi. Yule ambaye vidole vyake vimeandaliwa hushika kalamu bila vita.

Wengine, ili mtoto atulie, humpa simu. Kidole kinachoteleza juu ya kioo hakikamui wala hakifinyangi chochote. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyefikisha miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku.

Neno moja pia juu ya mkono wa kushoto. Mtoto anayeupenda asipigwe wala kufungwa mkono. Atafanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kulia kama alivyofundishwa, na ataandika kwa ule aliojaliwa. Lakini mtoto ambaye hajafikisha mwaka 1 na hutumia mkono mmoja tu, huku mwingine ukilegea au kufumba ngumi daima, apelekwe kliniki bila kuchelewa. Vivyo hivyo yule aliyepita mwaka 1 na hawezi kuokota kitu kwa vidole, au aliyeweza jambo kisha akaliacha.

Bwana wetu alilelewa katika nyumba ya seremala, mahali ambapo mikono ilikuwa na kazi. Jioni ya leo, mama, ukichambua maharage, msogeze mtoto karibu na ungo. Nawe baba, umpishe akae.