Muujiza Hauogopi Kupimwa

Mwezi huu tunajibu swali ambalo halikuja kwa barua. Limekuja kwa kunong'onezwa, baada ya ibada au tukirudi pamoja kutoka sokoni: "Nimeombewa, nami najisikia mzima. Je, niendelee kumeza vidonge?" Sisi tuliozoea wodi tunajua kwamba mama anayeuliza hivyo mara nyingi ameshaacha kumeza. Anatafuta mtu wa kumwambia kwamba amefanya vema.

Hatupendi kumjibu kwa haraka, maana ndani ya swali lake mna maswali mawili. Tutaujuaje muujiza? Na ni nani mwenye haki ya kutuambia kuwa huu ni muujiza, sisi tukalitegemea neno lake? Wayahudi wamebishana juu ya mambo haya kwa karne nyingi bila kuoneana haya, na kwa kuwa Maandiko yetu yametoka nyumbani kwao, tumeona tuanzie kwao.

Warumi walipobomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, makuhani walibaki bila kazi, na uongozi wa dini ukawaangukia walimu wa Torati, yaani marabi. Mabishano yao yalikusanywa baadaye katika Talmudi. Humo kuna kisa cha tanuri la kuokea. Rabi Eliezer alisema tanuri la namna fulani halinajisiki, wenzake wakasema linanajisika. Hoja zake zilipokataliwa, aliomba ishara. Mti uling'oka ukahamia mbali. Maji ya mfereji yakarudi nyuma. Kuta za nyumba ya mafundisho zikainama. Mwisho sauti ilisikika kutoka mbinguni ikimtetea. Ndipo Rabi Yehoshua akasimama na kujibu, kwa kutumia Kumbukumbu la Torati sura ya 30, kwamba Torati imekwisha kutolewa na haiko tena mbinguni. Shauri kama hili huamuliwa na wengi baada ya kusikilizana. Talmudi inasimulia kwamba Mungu alicheka, akafurahi kuwa wanawe wamemshinda.

Msomaji anaweza kushtuka. Je, watu hawa walimkataa Mungu? Tusome vizuri. Hakuna aliyesema mti haukuhama. Walichokataa ni kuiacha ishara iamue jambo ambalo Mungu aliwapa watu akili na sheria ya kuliamua. Na msingi wao tunao hata sisi katika Biblia zetu. Kumbukumbu la Torati sura ya 13 inaonya kwamba nabii anaweza kutoa ishara, ishara ikatimia kweli, na bado asifuatwe kama anawapeleka watu kwenye upotevu. Rabi Maimonides, aliyekuwa pia tabibu huko Misri na kufariki mwaka 1204, aliandika kwamba Waisraeli hawakumwamini Musa kwa sababu ya ishara zake, kwa kuwa anayeamini kwa ishara tu hubaki na shaka moyoni.

Viongozi wetu wanaposikia kisa hiki huipenda sana ile sehemu ya wakubwa kushinda. Lakini kisa hakiishii hapo. Wale wengi walimtenga Rabi Eliezer, wakateketeza vitu vyote alivyokuwa ametangaza kuwa safi. Mkuu wao alikuwa Rabi Gamalieli, mjukuu wa yule Gamalieli wa Matendo ya Mitume. Dada yake, Ima Shalom, alikuwa ndiye mke wa Eliezer. Kwa muda mrefu mama huyu alimzuia mumewe asianguke kifudifudi kusali kwa uchungu, akijua maombi ya aliyeonewa hufika upesi. Siku moja alikwenda mlangoni kumpa maskini mkate, na aliporudi alimkuta mumewe amekwisha anguka kifudifudi. Kaka yake akafa. Kwa hiyo walioandika kisa hiki hawakuficha kwamba baraza lilikuwa na haki ya kuamua, na hapohapo lilitenda dhambi ya kumdhalilisha mtu. Tunawaheshimu kwa hilo. Ni wakubwa wachache wanaokubali kuandikwa hivyo.

Tena msidhani marabi walikuwa watu wasioona miujiza. Walifundisha kwamba anayepita mahali ambapo Israeli walitendewa muujiza atoe shukrani. Na ipo shukrani nyingine ambayo sisi wauguzi tungependa ibandikwe ukutani: Myahudi akitoka msalani humshukuru Mungu aliyeumba matundu na mirija ya mwili, kwa kuwa moja likiziba au jingine likifunguka vibaya, mtu hawezi kusimama mbele zake. Mama aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo anajua maana yake. Ndugu zake huuliza kama amekula, sisi tunauliza kama ametoa hewa, na akitoa, wodi nzima hufurahi. Ukizoea kuona muujiza katika mambo kama hayo, hutakuwa na njaa kubwa ya kukimbilia kila mahali panapotangazwa ishara.

Sasa tumtazame Bwana Yesu, ambaye aliishi ndani ya Torati hiyo. Katika Luka sura ya 17 aliwakuta watu kumi wenye ukoma, akawatuma wakajionyeshe kwa makuhani, nao wakatakasika wakiwa njiani. Kwa nini awatume? Kwa mujibu wa Mambo ya Walawi sura ya 13 na 14, kuhani hakuwa mponyaji. Kazi yake ilikuwa kukagua. Aliangalia ngozi na unywele, akamtenga mtu siku saba, akaangalia tena, na hata aliyepona alikaguliwa kwanza nje ya kambi kabla hajarudi kwa mkewe na watoto wake. Kwa lugha ya leo, Bwana aliwatuma maabara. Hakusema kwamba neno lake linatosha na kuwa anayekwenda kupima amekosa imani. Uponyaji ulikuwa wake, naye hakuona aibu upelekwe kwa mkaguzi.

Sisi wa Mara tunao mfano wetu, hapo jirani tu. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Loliondo, katika Wilaya ya Ngorongoro inayopakana na Serengeti. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, tuliyemwita Babu, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge kwa shilingi 500. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha, na kwamba kinaponya kisukari, kansa, pumu na UKIMWI. Magari kutoka huku kwetu yalipita Mugumu na kukatiza hifadhini. Wagonjwa walichukuliwa kutoka vitandani mwa hospitali, na wengine walifia njiani au kwenye foleni iliyokuwa na urefu wa kilometa nyingi.

Hatusemi Babu alikuwa tapeli. Mtu wa kutajirika hatozi shilingi 500. Tunachotaka mkumbuke ni jinsi tulivyoamini. Wengi walisema: Askofu amemtetea, waziri amekunywa, mimi ni nani nisiende? Ni kweli, Askofu Thomas Laizer wa KKKT alisimama upande wake hadharani. Lakini askofu aliweza kushuhudia juu ya mtumishi anayemfahamu na imani yake. Hakuwa ameiona sukari ndani ya damu ya mtu. Wataalamu wa serikali nao waliposema kikombe kile hakina madhara kwa mnywaji, watu walisikia kwamba kinaponya. Hayo ni mambo mawili. Chai ya rangi nayo haina sumu.

Mama mmoja tuliyemhudumia alirudi kutoka safari ile akiwa na furaha, akaweka vidonge vyake vya kufubaza virusi juu ya kabati. Alikula vizuri, alilima, alinenepa. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Ukiacha dawa hizo virusi huanza kuongezeka katika muda wa wiki chache, lakini mwili unaweza kukaa miezi mingi, hata zaidi, bila kulalamika. Presha ya kupanda nayo ni hivyohivyo, haina sauti. Mama huyu aliporudi kliniki alikuwa na kifua kikuu. Alitibiwa, akaanza dawa upya, akainuka. Mtoto aliyekuwa akimnyonyesha miezi ile yote ndiye aliyekutwa na virusi. Babu mwenyewe alifariki tarehe 30 Julai 2021. Mtoto huyo bado anakuja kuchukua dawa.

Basi tumtegemee nani? Turudi kwa marabi mara moja tena. Siku ya Upatanisho ni mfungo mkubwa kuliko yote kwao, bila chakula wala maji. Hata hivyo walifundisha kwamba mama mjamzito aliyesikia harufu ya chakula akakizimia alishwe mpaka atulie. Mgonjwa naye alishwe kwa neno la wanaojua tiba, na mgonjwa akisema anahitaji kula, asikilizwe hata kama tabibu anakataa. Angalieni mamlaka hayo yalivyo. Rabi anayejua sheria yote anakaa pembeni, anamuuliza tabibu, na anamuuliza mwenye mwili. Tena walionya mtu asisimame mahali pa hatari akisema atatendewa muujiza, kwa kuwa huenda asitendewe.

Halafu linganisheni na msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Wengi walikuwa watoto. Mama zao walikuwa na imani, hilo halina ubishi. Waliokuwa hawana ni mtu wa kumuuliza kiongozi wao swali. Na mjini Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Huku kwetu nasi tunalijua neno lisiloulizwa. Kwa miaka mingi inchama, baraza la wazee wa mila, ndilo limetangaza msimu wa kukeketa, na mama aliyetaka kumnusuru bintiye alitishwa kwa laana. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na wapo wazee waliogeuka. Waligeuka walipokubali kuulizwa.

Kwa hiyo mama, mtumishi akikuambia umepona, usimtukane wala usimkimbie. Pokea maombi. Kisha mwambie kwa adabu kwamba unakwenda kupima, na umtazame usoni. Wachungaji na mapadri wengi tunaofanya nao kazi watafurahi, na wengine watakusindikiza. Atakayekasirika, au akakuambia kupima ni kumjaribu Mungu, au akakutaka uache dawa kabla ya kipimo, hana sehemu na yule aliyewatuma wale kumi kwa makuhani. Kama ni kisukari, kipimo ni cha dakika chache tu. Kama ni virusi, omba kipimo cha wingi wa virusi, na ujue kwamba kikisema virusi havionekani, maana yake dawa inafanya kazi, siyo kwamba virusi vimekwisha mwilini. Jambo hilo linawachanganya wengi, hata waliosoma.

Na wewe uliyekwisha acha, uliyeficha kopo chini ya nguo au darini, njoo nalo kliniki hata kama limebaki nusu. Hatutakugombeza. Tunahitaji kujua uliacha lini ili daktari ajue pa kuanzia. Kama unanyonyesha, mlete na mtoto siku hiyohiyo.