Radio tano, petroli ya moja

Kila kikundi katika Kasongo sasa kinataka radio yake. Wakristo wanataka yao, Waislamu yao, wamama wa soko yao, koperative ya wachimbaji yao. Na uchaguzi ukikaribia, mheshimiwa naye anakumbuka ghafla kwamba watu wa kwao hawana pa kusemea. Upande wa Kabambare ni vile vile, mpaka Salamabila. Sisi wa sendika tusijifanye watakatifu: na sisi tulikuwa na dosie yetu. Statuti, karatasi ya mkutano, orodha ya komite, hata jina tulikuwa tumekwisha kulichagua. Leo tunaandika kusema kwamba dosie ile tumeikunja, na tunawaomba wengine wakunje zao pia.

Wasomaji wetu wa mashimoni watashangaa, maana hakuna anayehitaji radio kuliko mchimbaji. Anashuka asubuhi, anapanda jioni, na akipeleka zahabu yake kuuza, negosia anaipima kwa renge na kichele, kisha bei anayoitaja ndiyo bei. Kindu wanalipa ngapi, Bukavu wanalipa ngapi, yeye hajui. Sheria ya madini ya 2018 inasema kwamba kwa kila franka 100 za kodi ile tunayoita redevansi, 15 zinapaswa kurudi kwa sekta ao sheferi pahali madini yalipotoka, na 25 kwa mkoa. Ni wachimbaji wangapi wa Kabambare wamekwisha kusikia hesabu hiyo kwa sikio lao? Gazeti hili lenyewe, wakubwa wa redaksyo watusamehe, linafika kwetu likiwa limezeeka, tena limekwisha kupita mikono kumi. Wengi hawasomi. Radio ndogo ya batri iko katika kila lupango.

Tena kuna maneno ya kifo. Oktoba 2019 shimo la zahabu liliporomoka Kampene, katika teritwari ya Pangi, hapa hapa Maniema, na wenzetu zaidi ya 10 wakafa. Tarehe 11 septemba 2020, kule Kamituga katika Kivu ya Kusini, mvua ilijaza mashimo wakati watu wangali chini. Mchimbaji mzee anajua kwamba baada ya mvua ya usiku kucha hupaswi kushuka mbio mbio. Lakini kijana aliyefika juzi kutoka kijijini hajui, na PDG wa shimo hana haraka ya kumwambia. Sauti moja saa kumi na mbili asubuhi, kabla kijana hajafunga taa kichwani, ingetosha.

Na kuna maneno ya uvumi. Septemba 2019 Banro iliposimamisha kazi kwa ajili ya usalama, kazi ya Namoya nayo ikiwemo, kila nyumba ya Salamabila ilikuwa na haki ya kuuliza neno moja: mshahara je? Siku kama zile, pahali pasipo na radio ambayo watu wote wanaiamini, uvumi unakuwa ndio gazeti, ndio tribinali, na mara ingine unakuwa ndio risasi. Tumeishi na watu wenye silaha kando ya mashimo; tunajua neno moja la uongo linatembea kwa mbio gani.

Basi kwa nini tumekunja dosie?

Tuseme ukweli ilivyoanza. Mwaka mmoja tulikuwa kwenye mgomo. Radio moja ya upande wetu, hatutaitaja, ilisoma tangazo la tajiri mara tatu kwa siku. Sisi tukapeleka jibu letu, ukurasa mmoja tu. Tukaambiwa tungoje. Tulingoja mpaka mgomo ukaisha. Baadaye kijana mmoja wa mikro alituambia pembeni: petroli ya juma lile ilitoka kwa tajiri. Hatukumchukia yule kijana. Hakuwa na mshahara, na nyumbani wanamngoja wale wale wanaotungoja sisi. Lakini jioni ile tulisema: yatosha, tutafute radio yetu wenyewe.

Tukafanya hesabu. Emeteri ya FM ya wati 100 si kitu kikubwa, mtu mmoja anaibeba kwa mkono. Lakini FM inatembea kama jicho: pahali antena inapoona, ndipo sauti inapofika, na kilima kikisimama katikati, sauti nayo inasimama. Kwa hiyo unahitaji mlingoti mrefu, na mlingoti mrefu unaita radi, na kila mtu wa Maniema anajua radi zetu. Mlingoti unahitaji waya wa kuishusha radi chini. Kisha umeme. Ukitumia grupu, ni petroli kila siku, na petroli ya Kasongo inatoka mbali kwa barabara ambayo hatuhitaji kuwaelezea. Ukitumia pano za jua, batri zinakufa baada ya miaka michache na lazima kuzinunua tena. Kisha kompyuta, vumbi, fundi. Kisha vijana wa mikro, ambao sisi sendika hatuwezi kuwafanyisha kazi bila malipo. Tutasimama namna gani mbele ya tajiri kumdai mishahara?

Na karatasi! Zamani, wakati wa chama kimoja, radio ilikuwa ya serikali tu. Sheria ya tarehe 22 juni 1996 ndiyo iliyofungua mlango kwa radio zisizo za serikali, na tarehe 13 machi 2023 ikaja ingine. Lakini mlango huo una makufuli mengi. Kuna wizara inayosimamia habari, kuna ARPTC kwa upande wa mawimbi, kuna CSAC, iliyowekwa na sheria ya 2011, inayochunguza yanayosemwa hewani. Zote ziko Kinshasa. Mtu wa Kasongo anayefuata dosie anasafiri mpaka Kindu, zaidi ya kilometa 200, kisha ndege. Kila kikundi kati ya vile vitano kitafanya safari ile ile, kwa ofisi zile zile, kila kimoja kwa mfuko wake. Na radio isiyomaliza karatasi zake inaweza kufungwa siku yoyote, mara nyingi siku ile ile iliyosema neno ambalo mkubwa hakulipenda.

Tulipofika mstari wa mwisho wa hesabu ile, tulinyamaza. Michango ya wanachama haifiki hata nusu. Ndipo mwenzetu mmoja akasema: « Kwa petroli, tuwaombe ma-PDG wa mashimo. » Alisema kwa moyo safi. Sisi wengine tulicheka, kisha tukaacha kucheka, maana tulikuwa tumemwona yule kijana wa mikro, na safari hii alikuwa na sura yetu.

Ugonjwa wa radio zetu ni huo. Mashine inanunuliwa mara moja. Anayeitoa anapigiwa makofi, kisha watu wanamsahau. Petroli ni kila juma. Anayetoa petroli hasahauliki, kwa sababu jumatatu atarudi, ao hatarudi. Radio nyingi za Kongo zinajiita za jamii, na ukiuliza nani anajaza tanki, unasikia jina la mtu mmoja. Radio tano Kasongo zitakuwa na matajiri watano. Mchimbaji atazungusha kifungo kutoka mmoja mpaka mwingine, na bei ya zahabu hataisikia.

Marekani walikuwa na shida inayofanana na yetu, ingawa yao ilitoka mlango mwingine. Mwaka wa 2000 serikali yao iliruhusu radio ndogo za FM zisizotafuta faida, wati 100 tu, sauti kufika karibu kilometa 5 na nusu. Mwaka wa 2013 walifungua tena muda wa kuomba, wakapata maombi zaidi ya 2800. Katika miji mikubwa makanisa, shule, vyama vya wafanyakazi na vikundi vya mtaa vilijikuta vinagombania wimbi moja. Serikali ikawapa pointi: je, mko hapa tangu angalau miaka 2? Mnaahidi vipindi vya kwenu masaa 8 kwa siku? Waliofungana kwa pointi walipewa nafasi ya kuelewana na kugawana masaa: mmoja asubuhi, mwingine jioni, kwenye wimbi moja.

Kule wanagawana kwa sababu hewa imejaa. Kwetu hewa iko tupu. Zungusha kifungo kutoka 87,5 mpaka 108: utasikia radio chache, kisha upepo. Hakuna wa kutulazimisha kugawana. Kinachotulazimisha ni mfuko, na mfuko hauna afisa wa kupanga pointi, ni sisi wenyewe tuzipange.

Hatusemi tuanze kutoka sifuri. Kasongo ina Sauti ya Mkaaji, Kabambare ina Tujenge. Waliozisimamisha walitoka jasho, tena walifanya kazi wakati ambapo kushika mikro kulikuwa ni kucheza na maisha. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kupanda mlingoti mwingine, vikundi viketi na radio zilizopo, vinunue masaa kwa mchango wa kila mwezi, na vipate kiti katika komite. Na kama kweli sauti ya mji haifiki Salamabila, na haifiki, basi iombwe leseni moja kwa ajili ya kule, moja, kwa jina la wote.

Makubaliano yawe ya kuandikwa. Kwanza petroli: hakuna mtu, kampuni, kanisa wala sendika atakayetoa zaidi ya sehemu ya tano ya petroli ya mwezi, na kitabu cha petroli kibandikwe ukutani nje ya studio, kila mtu asome. Kampuni ya madini ikitaka kusaidia kutoka ile 0,3 kwa mia ya mauzo ambayo sheria ya 2018 inaidai kwa maendeleo ya wenyeji, ilete batri, ilete mlingoti. Mashine, ndiyo. Petroli, hapana. Pili, anayesemwa vibaya ajibu saa ile ile aliyosemwa. Si usiku wakati watu wamelala. Hii inatuhusu na sisi: tajiri akileta jibu lake, lisomwe lote. Mheshimiwa akitaka kuongea kampeni, bei iko ukutani, sawa na bei ya mpinzani wake.

Masaa yenyewe yataleta ugomvi kuliko feza, tunajua. Wamama mara nyingi wanapewa saa nne asubuhi, saa ambapo mama yuko shambani ao mtoni anaosha mchanga. Kumpa mtu saa ambayo hawezi kusikiliza ni kumnyima kwa adabu. Wamama wachague wa kwanza. Bei za madini na hali ya mashimo ziwe saa kumi na mbili asubuhi, hapo hatutasogea hata dakika. Kiswahili kitabeba sehemu kubwa, lakini Kibangubangu, Kizimba na Kikusu vipate masaa yao, maana kuna wazee ambao ukiwaambia neno la ardhi kwa Kiswahili wanaona unawaficha kitu. Kuhusu dini, mwenzetu mmoja wa Kasongo anasema hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote: Ijumaa na Jumapili zilikwisha kugawana zenyewe.

Kuna wenzetu wanasema tumeuza mchezo, kwamba sendika bila radio yake ni mtu bila mdomo. Tunawaelewa, sisi tulisema maneno hayo hayo kabla ya hesabu. Lakini waangalie jambo moja. Radio ya sendika ikisema bei ya negosia ni wizi, negosia atajibu: hao ni watu wa fujo, tumewazoea. Radio ambayo paroko, imamu, mama wa soko na mwalimu wako ndani yake ikisema neno hilo hilo, atajibu nini? Na siku wakubwa wakitaka kuifunga kwa kisingizio cha karatasi, nani atatoka barabarani kwa ajili ya radio ya sendika? Wanasendika. Tunajijua tuko wangapi.

Hatari iko pia, hatuifichi. Komite ya watu wengi inaweza kulala, ao kuliwa na mjanja mmoja anayeandika kitabu cha petroli kwa kalamu mbili. Ndiyo maana vilabu vya wasikilizaji, vile vilivyoko na vipya vitakavyozaliwa Wamaza na Salamabila, vipewe haki ya kufungua kitabu hicho bila kubisha hodi.

Sisi tumetangulia. Feza tulizokuwa tumekusanya kwa ajili ya emeteri, si nyingi, bado ziko kwa mtunza hazina, na wanachama wamekubali zinunue batri za radio ya wote siku karatasi ya makubaliano itakapotiwa sahihi na vikundi angalau vitatu. Tumekwisha kuongea na wamama wa soko. Walituuliza swali moja tu: nani atashika ufunguo wa studio? Hatukuwa na jibu. Tunalitafuta pamoja nao juma hili.