Mnazi Umekauka, Mwacheni Bi Harusi



Mnazi wa uani ukianza kunyauka, mwenye busara huuliza: nini kimeupata? Majumbani mwetu swali linalotangulia ni jengine: nani? Nani ameutia jicho, nani ameingia na mguu mbaya? Na jibu humwangukia yule aliyeingia nyumbani mwisho kabisa, bi harusi ambaye hina yake bado haijafutika. Leo nasema wazi, na atakayenuna anune: hiyo ni dhulma, na sisi wanawake ndio tunaoitia kuni.

Nawaandikia hasa walioolewa Shinyanga, Kahama na Geita, kwa sababu huko jambo hili ni zito kuliko linavyosikika huku visiwani. Kwetu Unguja na Pemba mnazi haumshangazi mtu. Shinyanga mnazi mmoja mbele ya nyumba ni fahari ya mtaa. Baba mwenye nyumba ameulea kwa ndoo miaka kumi, na wageni hupiga picha chini yake. Mti kama huo ukifa, nyumba nzima huumia. Naelewa uchungu huo. Lakini uchungu si ushahidi.

Tuujue kwanza mti wenyewe. Mnazi ni mtoto wa pwani: unataka joto, hewa yenye unyevu na mvua ya kiasi cha milimita 1,500 kwa mwaka, tena iliyogawika vizuri. Shinyanga hupata kama milimita 600 hadi 900, na karibu zote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Baada ya hapo ni nusu mwaka wa ukame, upepo mkavu na ardhi inayopasuka. Mvua zikichelewa na joto likizidi, mnazi hupukutisha vidaka, makuti ya chini hulegea yakaning'inia, na shina hukonda kuelekea juu. Hiyo ni kiu. Haina jina la mtu.

Mti uliodhoofika kwa kiu haukosi maradhi. Yuko chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, anayetoboa kilele akala majani machanga. Kuti likifunguka utaliona limekatwa pembe tatu kama kwa mkasi. Kuna na kuoza kwa kilele: jani changa la katikati ukilivuta linatoka mkononi, na linanuka. Kumbukeni kwamba mnazi una kilele kimoja tu. Mwembe ukikatwa huchipua ubavuni. Mnazi ukifa kilele umekufa wote, hata kama makuti ya pembeni yatabaki kijani kwa miezi. Ndiyo maana kifo chake huonekana cha ghafla, na watu wakaanza kuhesabu nani alikuja lini.

Huko pwani ya Tanzania Bara upo ugonjwa wa kunyong'onyea, unaojulikana kwa zaidi ya miaka 100. Unaletwa na vijidudu vidogo mno viitwavyo fitoplazma, vinavyoishi ndani ya mishipa inayopitisha chakula cha mti. Nazi huanguka kabla ya wakati, maua huwa meusi, makuti hugeuka manjano, na mwisho kichwa chote hudondoka likabaki shina kama nguzo ya umeme. Watafiti wa Mikocheni, Dar es Salaam, wameushughulikia kwa miaka mingi, na mpaka leo mnazi ulioupata hauna dawa ya kuuponya. Ugonjwa wa jamii hiyo hiyo uliangamiza minazi kwa mamilioni kule Jamaica. Je, huko nako kila mnazi ulikuwa na bi harusi wake mwenye nuksi?

Sasa nije kwenye linaloniudhi zaidi. Mnazi wenye afya hutoa kuti jipya moja kwa mwezi, zaidi kidogo. Penye ukame hutoa pungufu. Ikifika harusi, vijana wanapandishwa juu na kukata makuti mabichi kumi na mawili, wafunge upinde langoni, watu wapendeze kwenye video. Makuti kumi na mawili ni kazi ya mti ya mwaka mzima! Na kuti bichi ndilo linalopika chakula cha mti na cha nazi zake. Kisha uani kunamwagwa zege mpaka shingoni mwa shina ili viti vikae sawa, na maji ya kunyweshea yanasahauliwa kwa wiki tatu za shughuli. Miezi michache baadaye mnazi unalegea, na wale wale walioshika panga wanasema: tangu aingie huyu mwanamke, nyumba haina baraka.

Mtaniambia jicho ni kweli. Naam, limetajwa katika hadithi sahihi, wala silikanushi. Lakini ukweli wa jicho haumpi mama mkwe wala wifi uhodari wa kujua jicho hilo ni la nani. Kumbukeni siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu (s.a.w.). Jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Baba aliyekuwa na uchungu wa mwanawe angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Aliwaeleza kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Ikiwa jua halikupatwa kwa msiba wa nyumba ya Mtume, iweje mnazi wa uani ukauke kwa ndoa ya binti wa watu? Kumfanya mtu kuwa ishara ya mkosi ni tiyara, na tiyara tumekatazwa.

Na Shinyanga swali la "nani" limemwaga damu. Mikoa ya Kanda ya Ziwa inajulikana kwa mauaji ya vikongwe walioitwa wachawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Mekundu kwa nini? Kwa moshi. Miti ilifyekwa kwa miaka mingi, kwa vita dhidi ya mbung'o na kwa mashamba ya pamba, mpaka wanawake wakawa wanapikia samadi na mabua ya pamba. Bibi aliyepuliza moto huo miaka hamsini macho yake yatakuwa rangi gani? Ardhi ilikosa miti, na aliyelipa ni mwanamke. Kwa hiyo unaposema kwa mzaha kwamba mnazi umelogwa, jua unacheza na kiberiti penye majani makavu.

Swali la "nini" nalo limezaa matunda pale pale. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wasukuma walirudishiwa nafasi ya desturi yao ya ngitili, kutenga malisho na miti ipumzike. Kutoka hekta 600 hivi zilizokuwa zimebaki, ngitili zilifikia laki kadhaa. Hakuna aliyetafuta mchawi, walitafuta sababu.

Basi fanyeni haya. Mnazi uliokufa ukatwe na shina lake lichomwe au lifukiwe, maana chonga huzaliana kwenye magogo yanayooza. Ulio hai uachiwe duara la udongo wazi, uwekewe matandazo, upewe maji ya kuoshea mboga, na makuti mabichi yasiguswe. Lango lipambwe kwa vitambaa na maua. Na anayepanda upya apande unaoijua ardhi ile: mkwaju, mgunga, au mvumo akitaka jamii ya mnazi. Kivuli chake na matunda yake ni sadaka, akila ndege au akila mtu.

Nawe bi harusi, ukisikia neno hilo usilie chumbani peke yako. Mwambie mumeo, tena mapema, kwa utulivu. Ni wajibu wake kusimama mbele ya mama yake na dada zake, kwa adabu, aseme: mti umekufa kwa kiu na maradhi, mke wangu hahusiki. Mume asiyeweza kusema sentensi hiyo moja ana la kujibu mbele ya Mola wake.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zenu, na azilinde ndimi zetu. Aamiin.