Pua nayo hufundishwa

Waungwana, nimerudi kutoka Soitsambu, kule Loliondo, na kuna jambo limenikaa rohoni.

Mama mmoja alinikaribisha maziwa. Kabla ya kunimiminia alimwita mjukuu wake anuse kibuyu. Nikadhani ni desturi. Kumbe mwenzenu hasikii harufu tangu augue wakati wa korona! "Mwanangu, yawe mazima au yameharibika, kwangu yote maji," akaniambia. Kibuyu chake husafishwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni pori, ili maziwa yanukie. Harufu ile ndiyo nyumbani kwake, na imepotea. Na je, nyumba ikishika moto usiku?

Alikouliza aliambiwa itarudi yenyewe. Kwa wengi hurudi kweli. Kwa wengine hairudi, na hapo ndipo tulipowaacha. Mwaka 2020 na 2021 sisi waandishi tuliandika habari za nyungu mpaka wino ukakauka. Ya baada ya ugonjwa hatukuyagusa.

Kuna mazoezi ya pua, jamani. Mwaka 2009 Profesa Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha utafiti wa watu walionusa harufu nne: waridi, limau, mkaratusi na karafuu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Walipata nafuu kuliko wasiofanya. Virusi hudhuru utando ulio juu ndani ya pua, lakini neva za pale huweza kuota upya. Kunusa kwa makusudi huisaidia pua na ubongo vizoeane tena.

Karafuu! Hizo hizo za Pemba. Limau liko gengeni, majani ya mkaratusi yapo, na waridi likikosekana, kahawa ya Karatu itafaa. Unanusa taratibu kila kimoja kwa sekunde kama 20, huku ukiikumbuka harufu yake. Usipake wala kudondoshea kitu puani.

Najua mtasema haiponyi kila mtu. Ni kweli. Na aliyepoteza harufu bila mafua, au baada ya kuumia kichwa, amwone daktari kwanza. Lakini kitu kisicho na gharama, kwa nini kifichwe?

Tatizo letu tunapenda tiba ya siku moja. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, wilaya hii hii, kwa kikombe cha shilingi 500. Simcheki mtu; mgonjwa hutafuta tumaini. Ila miezi mitatu ya kunusa karafuu tunaiona si tiba. Wahudumu wa afya wanaopita bomani wangeweza kuifundisha kwa dakika kumi.

Nilimwachia yule mama pakiti ya karafuu na limau mawili. Mjukuu ndiye mwalimu. Matokeo bado sijayajua.

Wewe unaye nani nyumbani anayekula bila kusikia harufu? Umemuuliza?