Goti Jipya Lapimwa, Nani Atavisoma Vipimo?

Mgonjwa aliyebadilishiwa goti akirudi kliniki baada ya wiki sita, huulizwa anaendeleaje, naye hujibu: "Nashukuru, daktari, naendelea vizuri." Kovu hukaguliwa, goti hukunjwa na kunyooshwa, kisha anarudi nyumbani. Alivyokuwa akitembea wiki zote hizo, hakuna mtaalamu aliyeona. Pengo hilo ndilo linalodaiwa kuzibwa na vihisio vya kuvaa mwilini. Je, hospitali zetu zivinunue?

Hoja ya kuvitaka ina uzito. Upasuaji huwaondolea wengi maumivu, lakini haurudishi mwendo peke yake. Misuli ya mbele ya paja hudhoofika sana mwezi wa kwanza, na aliyechechemea kwa miaka huendelea kuegemea mguu wa pili hata maumivu yakiisha. Tafiti zilizotumia vihisio zimeonyesha kuwa wagonjwa wengi husema wamepata nafuu kubwa, ilhali miezi sita baada ya upasuaji hawatembei zaidi ya walivyotembea awali.

Kihisio kimoja kikifungwa pajani na kingine chini ya goti, programu ya simu hukokotoa goti linakunjika nyuzi ngapi na kila mguu unakanyaga kwa muda gani. Kutembea tambarare kunahitaji nyuzi kama 60 hadi 70. Kuinuka kitini kunahitaji zaidi ya 90. Marekani imekwenda mbali zaidi: Agosti 2021 mamlaka ya dawa na vifaa tiba iliruhusu Persona IQ, goti bandia lenye kihisio ndani ya shina linaloingia kwenye mfupa wa muundi.

Kwetu faida kubwa ni kumfuatilia mgonjwa aliye mbali. Mtu aliyefanyiwa upasuaji katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kisha akarudi Kigoma, yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwa daktari wake. Goti likianza kukakamaa na kihisio kikaonyesha hivyo ndani ya miezi mitatu ya kwanza, daktari anaweza kulikunja mgonjwa akiwa chini ya dawa ya usingizi, bila kumpasua tena. Muda ukipita, nafasi hiyo hupungua.

Hata hivyo, si kila kipimo kina maana. Saa ya mkononi huhesabu hatua kwa kufuata mkono unavyopunga. Mgonjwa anayetembelea fremu ameishika kwa mikono yote miwili. Anatembea, lakini saa inaweza kuziruka hatua zake nyingi. Na idadi ya hatua haisemi kama mtu anachechemea. Anayetembea sana huku akiliegemea goti la pili analichosha hilo lililobaki.

Udhaifu mkubwa zaidi hauko kwenye kifaa. Takwimu zikitua kwenye kompyuta ambayo hakuna anayeifungua, mgonjwa hajasaidiwa kitu. Anahitaji mtaalamu wa mazoezi tiba atakayeona goti halikunjiki, ampigie simu na kumbadilishia mazoezi. Hospitali isiyo na mtu huyo ianze kwa kumwajiri. Kupima mwendo kwenyewe kunaweza kuanza na kiti na saa: mgonjwa anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi na kukaa, huku sekunde zikihesabiwa. Kipimo hicho kimetumika duniani tangu 1991.

Kuna pia suala la siri ya mgonjwa. Kihisio kinajua saa anazotoka na anazolala. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Hospitali inayokabidhi takwimu hizo kwa kampuni lazima kwanza imweleze mgonjwa na kupata ridhaa yake.

Kwa hiyo vihisio vije, lakini vije nyuma ya wataalamu. Hospitali ziwe na vichache vya kuazimisha, wapewe kwanza wanaoishi mbali, na kila kifaa kiwe na jina la mtaalamu anayewajibika kukisoma. Nawe msomaji, ikiwa mzazi wako anasubiri kubadilishiwa goti, uliza mapema: baada ya upasuaji, nani atafuatilia mwendo wake, na kwa muda gani?